Geji ya Mafuta Isiyosema Kweli Katika Gari la Zamani: Namna ya Kuitafuta Hitilafu Hatua kwa Hatua

Gari langu ni Land Rover Series III ya chasisi fupi, inchi 88, injini ya petroli. Limewahi kuniishia mafuta mara moja tu, na hilo lilitokea Kikatiti, nikitoka Arusha kwenda Moshi, huku mshale wa geji ukiwa umesimama penye robo. Tangi la gari hili hubeba takriban lita 45, kwa hiyo robo ingekuwa zaidi ya lita 10, nami nilikuwa nimepiga hesabu kwamba zingenifikisha. Nilipotumbukiza kijiti tangini kilitoka kikavu.

Gereji ya kwanza niliyoiendea ilinibadilishia senda, kifaa cha ndani ya tangi kinachopima mafuta. Ya pili ilinibadilishia geji yenyewe. Kwa kuwa mshale wa joto la injini nao ulikuwa ukipanda kuliko kawaida, nilishauriwa pia kubadilisha themostati, nikabadilisha, na mishale yote miwili ikabaki pale pale. Hitilafu ilikuwa skrubu moja nyuma ya dashibodi, iliyoshika kutu mahali inapofunga stabilaiza, kifaa kinachotuliza volti za geji, kwenye bodi. Ilihitaji msasa na dakika tano. Mwongozo huu unafuata utaratibu ambao ungenionyesha skrubu ile siku ya kwanza, kabla sijanunua vipuri vitatu ambavyo gari halikuvihitaji.

Umeme wa geji unavyopita

Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye swichi ya funguo na fyuzi, huingia kwenye geji, kisha hushuka kwa waya mmoja hadi kwenye tangi. Huko hukutana na senda, yaani kifaa chenye mkono mwembamba wa chuma na boya linaloelea juu ya mafuta. Boya likipanda au kushuka, mkono husogeza kiguso juu ya waya mwembamba uliozungushwa, na ukinzani wa umeme hubadilika. Umeme ukishavuka hapo huingia kwenye chuma cha tangi na kurudi kwenye betri kupitia chasisi. Njia hiyo ya kurudi ndiyo mafundi wanayoiita eathi. Mshale hupima umeme unaoufikia na haujui lolote kuhusu mafuta, kwa hiyo kiungo chochote katika mzunguko huu kikilegea au kikishika kutu, mshale utasoma kiungo hicho pamoja na tangi.

Geji zenyewe ni za aina mbili, na ni lazima ujue ya kwako ni ipi kabla ya kuendelea. Aina ya zamani zaidi hutumia koili za sumaku. Ukiwasha swichi mshale huruka mara moja, na gari likiyumba kwenye kona hutikisika pamoja na mafuta. Aina ya pili hutumia ukanda wa metali mbili uliozungushiwa waya unaopata moto. Ukanda ukipata joto hujipinda na kuusukuma mshale, na kwa sababu joto haliji ghafla, mshale hupanda taratibu kwa sekunde kadhaa. Land Rover Series III na magari mengi ya Uingereza ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea yana aina hii ya pili. Kwa kuwa geji ya metali mbili hubadilika kila volti ya gari inapobadilika, watengenezaji waliweka kabla yake kifaa kidogo, stabilaiza, kinachoipatia wastani wa volti 10 wakati wote, na geji ya joto la injini hulishwa na kifaa hicho hicho.

Namba za senda hutofautiana kwa asili ya gari. Senda za Uingereza za mtindo wa kampuni ya Smiths husoma takriban omu 240 (omu ni kipimo cha ukinzani) tangi likiwa tupu na kati ya 20 na 30 likiwa limejaa. Nyingi za kampuni ya VDO ya Ulaya huenda kinyume: omu 10 tupu, 180 zikiwa zimejaa. Za General Motors za Marekani, tangu miaka ya 1960, ni 0 tupu na 90 zikiwa zimejaa. Za Ford ya Marekani ya wakati huo ni takriban 73 tupu na 10 zikiwa zimejaa. Ziandike za gari lako mahali, kwa sababu utazirejea mara nyingi.

Tahadhari kabla ya kugusa chochote

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka, hutambaa chini na kujikusanya kwenye shimo la gereji au chini ya kiti. Fanya kazi nje, penye upepo, mbali na mtu anayechomelea, mbali na jiko la mkaa la jirani, na usimruhusu yeyote kuvuta sigara karibu. Mtungi wa kuzimia moto wenye unga mkavu uwe mkononi na si ndani ya stoo. Kabla ya kufungua senda, ondoa waya wa betri wa upande wa eathi, ambao katika magari mengi ni upande wa hasi. Nasema mengi kwa sababu baadhi ya magari ya Uingereza ya kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 yana eathi chanya. Tazama ni ncha ipi ya betri imefungwa kwenye chasisi, usikisie.

Jambo moja naliomba kwa uzito wote. Usinyonye petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira, hata kama umewaona mafundi kumi wakifanya hivyo tangu utoto wako. Tone dogo likiteremkia kwenye mapafu huweza kuleta homa kali ya mapafu, na aliyekunywa kwa bahati mbaya hatakiwi kulazimishwa kutapika, bali kupelekwa hospitali. Pampu ya mkono ya kuvutia mafuta inapatikana madukani kwa bei isiyokaribia gharama ya kulazwa.

Vifaa vinavyohitajika ni mita ya umeme, taa ndogo ya kujaribia ya volti 12, waya mrefu wenye vibanio pande zote mbili, bisibisi na spana, msasa laini, brashi ya waya, kijiti kisafi cha mbao na pima maji ya seremala. Ukiweza kupata mita ya zamani yenye mshale, ipende kuliko ya tarakimu. Sababu yake itaonekana kwenye senda.

Hatua ya kwanza: ujue ukweli wa tangi

Huwezi kusema geji ni mbovu kama hujui mafuta yaliyomo. Liweke gari mahali tambarare, jambo ambalo katika miji yetu si rahisi kama linavyosikika, kwa sababu Moshi yote inateremka kutoka mlimani na Arusha nayo imekaa kwenye miteremko ya Meru. Weka pima maji sakafuni mwa gari, kwa urefu na kwa upana, usogeze gari mpaka kiputo kikae katikati. Nimewahi kumshauri jirani aliyelalamika kwamba geji yake hushuka kila anapopanda Marangu na kurudi juu anapofika mjini. Hakukuwa na hitilafu yoyote, ila petroli ilikuwa ikikimbilia nyuma ya tangi na kuliacha boya chini.

Gari likiwa sawa, tumbukiza kijiti ikiwa mdomo wa tangi unaruhusu. Kama bomba la kujazia limepinda, jaza tangi hadi juu kituoni, kisha hesabu kutoka hapo. Andika mshale ulipo na kijiti kinasema nini.

Hatua ya pili: isome dalili kabla ya kufungua chochote

Hapa ndipo muda mwingi huokolewa, na hapa ndipo mimi nilipokosea. Washa swichi, subiri dakika 2, kisha itazame geji ya mafuta pamoja na ya joto. Zote mbili zikisoma juu kuliko ukweli, au zote zikiwa chini, achana na tangi kabisa na uende moja kwa moja kwenye stabilaiza. Vitu viwili visivyohusiana haviharibiki siku moja kwa namna moja. Kinachoviunganisha ndicho kibovu. Kama ya joto ni sahihi na ya mafuta peke yake imepotoka, tatizo liko kwenye geji ya mafuta, waya wake, senda au eathi ya tangi.

Dalili nyingine ni ile ya tangi tupu kusomeka vizuri ilhali tangi lililojaa halifiki juu. Katika gari lenye senda ya mtindo wa Smiths, dalili hiyo karibu kila mara ni eathi chafu ya tangi, na hesabu yake inaonyesha kwa nini. Chukua kutu yenye ukinzani wa omu 40. Tangi likiwa limejaa, geji ilipaswa kuona omu 25, sasa inaona 65, na mshale unashuka sana. Tangi likiwa tupu ilipaswa kuona 240, inaona 280, na tofauti hiyo machoni haionekani. Mwenye gari husema senda imechakaa, anunue nyingine, aifunge juu ya kutu ile ile.

Hatua ya tatu: jaribio la waya wa senda

Jaribio hili moja huligawanya tatizo katika nusu mbili. Kwenye Land Rover ya inchi 88 tangi liko chini ya kiti cha mbele cha kulia. Ondoa mto wa kiti na bamba lililo chini yake, utaiona senda imefungwa kwa skrubu ndogo juu ya tangi. Katika nyaya za Uingereza, waya unaotoka kwenye geji hadi kwenye senda ni wa kijani wenye mstari mweusi. Baadhi ya senda zina ncha mbili zenye herufi T na W. T ni ya geji na W ni ya taa ya onyo la mafuta kupungua, na nimeona gari ambalo ugonjwa wake wote ulikuwa nyaya hizo mbili kubadilishana nafasi.

Zima swichi, chomoa waya, hakikisha ncha yake haigusi chuma, kisha washa. Kwenye mfumo wa Smiths mshale unapaswa kushuka hadi tupu. Zima tena, unganisha waya huo na eathi kwa waya wako mrefu, ukifunga kibanio mbali na tangi, upande wa chasisi au karibu na betri, ili cheche ikitokea isitokee penye mvuke. Washa, mshale upande hadi juu. Kwenye geji ya metali mbili usiuache hivyo: mshale ukikaribia alama ya kujaa zima mara moja, kwa maana umeme unaopita hapo ni mwingi kuliko uliokusudiwa, na ukanda ukipinda kupita kiasi haurudi. Ukiwa na rezista, kipande kidogo chenye ukinzani maalumu, ya omu 22 au 27, iweke katikati ya waya huo badala ya kuugusisha moja kwa moja. Geji itasoma kujaa bila kuumizwa.

Katika mifumo ya VDO ya omu 10 hadi 180 na ya General Motors matokeo ni kinyume: waya ukichomolewa mshale huenda kujaa, ukiunganishwa na eathi hushuka hadi tupu. Wengi huhukumu geji nzima kuwa mbovu kwa kutojua hilo tu.

Mshale ukitii pande zote mbili, geji, fyuzi, na waya ni vizima, na mbovu ni senda au eathi yake. Usipotii, rudia jaribio nyuma ya dashibodi, kwenye ncha ya geji yenyewe. Ukitii hapo na haukutii kule kwenye tangi, waya umekatika au umechubuka njiani, mara nyingi pale unapopita kwenye tundu la chuma lililopoteza mpira wake. Usipotii popote, pima kama volti zinaingia kwenye geji.

Hatua ya nne: eathi ya tangi

Hii ndiyo hatua nafuu kuliko zote, nayo hurukwa kuliko zote. Rudisha waya wa senda mahali pake. Chukua waya wako mrefu, bana upande mmoja kwenye chuma cha juu cha senda na mwingine kwenye chasisi iliyokwanguliwa hadi chuma cheupe, kisha washa swichi. Mshale ukisogea kuelekea ukweli, umeshaupata ugonjwa.

Tangi lililopakwa rangi upya, gasketi nene inayoitenga senda na tangi, skrubu zenye kutu, na bolti za tangi zilizofungwa juu ya rangi ni sababu za kawaida. Katika Land Rover kuna nyingine ya ziada: bodi ni ya alumini na chasisi ni ya chuma, na metali hizo mbili zikikutana penye unyevu huliana, zikiacha unga mweupe usiopitisha umeme. Vumbi letu la majivu ya volkano, likichanganyika na matope ya masika, hushikilia unyevu huo kwenye maungio muda mrefu baada ya mvua kwisha. Kwangua maungio, funga waya maalumu wa eathi kutoka skrubu moja ya senda hadi kwenye chasisi, na upake grisi juu ya kiungo baada ya kukikaza. Mimi huweka waya huo hata kwenye gari ambalo eathi yake bado ni nzima.

Hatua ya tano: stabilaiza

Stabilaiza ya asili ni kisanduku kidogo cha bati nyuma ya paneli ya geji, chenye ncha za kuingizia na kutolea umeme. Waya wa kijani mtupu huleta umeme. Wa kijani kibichi hafifu wenye mstari wa kijani huupeleka kwenye geji. Ndani yake mna ukanda wa metali mbili unaokata na kuunganisha umeme tena na tena, ili wastani wake uwe volti 10. Kwa hiyo usishangae mita yenye mshale ikirukaruka kati ya sifuri na 12, au taa ya kujaribia ikipepesa. Hiyo ni dalili ya uzima. Taa ikiwaka mfululizo bila kupepesa, stabilaiza haikati tena. Isipowaka kabisa, imekufa, nazo geji zote mbili zitakuwa zimelala.

Kifaa hiki hupata eathi yake kwa skrubu inayokifunga. Eathi ikipotea hakiwezi kupasha ukanda wake joto, hakikati, na volti zote za gari hupita hadi kwenye geji. Injini ikiwa inazunguka volti hizo hufikia 14. Joto kwenye waya wa geji hukua kwa mraba wa volti: 14 ikigawanywa kwa 10 ni 1.4, na mraba wake ni karibu 2, maana yake ukanda hupata karibu maradufu ya joto lililokusudiwa. Ndiyo maana tangi langu kavu lilisoma robo, na injini isiyo na homa ilionekana inaungua. Kabla ya kununua stabilaiza, fungua skrubu yake, kwangua pande zote mbili kwa msasa, na uirudishe ikiwa imesimama wima kama ilivyokuwa, kwa kuwa ile ya asili haifanyi kazi vizuri ikilazwa.

Ikiwa imekufa kweli, fundi redio yeyote anaweza kukutengenezea mbadala usio na sehemu inayochakaa. Kinachohitajika ni kipande cha elektroniki kiitwacho 7810, ambacho hutoa volti 10, pamoja na kapasita ya maikrofaradi 0.33 upande wa kuingilia na ya 0.1 upande wa kutolea, vikifungwa kwenye bamba la alumini la kupoozea. Zingatia mambo mawili. Kipande hicho kinataka eathi hasi, hivyo hakifai kwenye gari la eathi chanya. Na kinahitaji angalau volti 2 za ziada juu ya 10, kwa hiyo betri ikiwa dhaifu na injini imezimwa geji itasoma chini kidogo. Gari likiunguruma hali hurudi sawa.

Hatua ya sita: kuitoa senda

Fika hapa pale tu eathi imethibitika kuwa nzima. Ondoa waya wa betri. Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, safisha juu ya tangi kwa brashi na kitambaa, kwa sababu vumbi litakaloanguka ndani litaishia kwenye kabureta. Weka alama ya msumari inayoonyesha senda ilivyoelekea, kisha uitoe kwa kuizungusha taratibu ili mkono usipinde.

Unganisha mita kati ya ncha ya T na chuma cha senda, na upandishe mkono polepole kutoka chini hadi juu. Namba zishuke, au zipande kwa senda za VDO, bila kuruka na bila kukatika. Hapa ndipo mita yenye mshale inapoishinda ya tarakimu, kwa sababu mkatiko wa nusu sekunde huonekana kama mruko wa mshale, ilhali tarakimu huupita bila kuusema. Mkatiko sehemu moja tu, aghalabu katikati, unaonyesha waya uliochakaa pale ambapo boya hukaa siku nyingi. Kwa anayejaza mafuta kidogo kidogo, sehemu ya chini ndiyo hulika kwanza. Uchafu wa kijani au mweusi unaweza kutolewa kwa dawa ya kusafishia viguso vya umeme. Waya uliokatika hauna dawa, badilisha senda.

Boya nalo litikise karibu na sikio. Ukisikia maji maji ndani, limetoboka na limezama, na geji itasoma pungufu hata kwa tangi lililojaa. Tundu lisiloonekana hujulikana kwa kulizamisha boya kwenye maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa jikoni: hewa ya ndani hutanuka na kutoa viputo. Wapo wanaolehemu boya la shaba kwa risasi, lakini petroli iliyobaki ndani hata kwa matone ni bomu dogo mbele ya uso wa fundi. Ushauri wangu ni kununua boya jingine.

Unaporudisha senda tumia gasketi mpya inayostahimili petroli. Silikoni ya kawaida ya kuzibia injini huvimba na kumeguka ikiguswa na petroli, na vipande vyake huziba chujio.

Hatua ya saba: geji yenyewe, na magari ya mchanganyiko

Ni mara chache geji ndiyo iwe na kosa. Geji nyingi za Smiths za metali mbili zina matundu mawili mgongoni, yaliyozibwa kwa kizibo kidogo, na ndani yake mna vidude vya kurekebishia alama ya tupu na ya kujaa. Usiviguse kabla stabilaiza, eathi na senda hazijathibitika, la sivyo utakuwa umeipotosha geji nzima ili ifanane na senda mbovu.

Linalosumbua zaidi hapa kwetu ni magari yaliyochanganywa. Land Rover yenye injini ya Toyota si jambo la ajabu Arusha, na tangi au senda nazo huweza kutoka kwenye gari jingine kabisa. Pima ukinzani wa senda iliyopo, tupu na ikiwa imejaa, ulinganishe na inaotaka geji. Zikienda upande mmoja ila namba zikatofautiana, rezista iliyofungwa sambamba na senda inaweza kushusha namba ya juu: senda ya omu 300 upande wa tupu, ikifungiwa sambamba rezista ya omu 1,200, itaonekana kwa geji kuwa 240. Namba ya kujaa, ikiwa ni 25, itabaki karibu ile ile. Lakini senda inayoongezeka haiwezi kufanywa ipungue kwa rezista yoyote. Mshale utaonyesha tupu tangi likijaa, na dawa yake ni senda au geji inayolingana.

Gari lenye matangi mawili na geji moja lina swichi ya kuchagua senda. Tangi moja likisoma sawasawa na jingine likakosea, swichi hiyo na eathi ya tangi la pili vipimwe kabla ya kingine chochote.

Hatua ya nane: kuupima mshale dhidi ya lita

Hata mfumo mzima kabisa hausomi kwa usawa, kwa kuwa tangi si sanduku lenye kuta zilizonyooka. Toa mafuta yote kwa pampu, liweke gari kwa pima maji, kisha ongeza lita 5 kwa wakati kutoka kwenye kopo la chuma la mafuta, si dumu la mafuta ya kula. Zima swichi kila unapomimina. Baada ya kumimina funga tangi, subiri mvuke uondoke, washa, ngoja dakika 2, na uandike mshale ulipo. Kwa tangi la lita 45 utakuwa na mistari 9. Katika gari langu mshale huondoka kwenye alama ya tupu baada ya lita 7, na hushuka haraka zaidi kati ya nusu na robo kuliko kati ya kujaa na nusu.

Ukilazimika kuupinda mkono wa boya ili kusahihisha, upinde kwa kiasi cha milimita chache, ukisahihisha alama ya tupu na kuiacha ya kujaa ijitafutie. Mimi huuelekeza uonyeshe tupu zikiwa zimebaki lita 6 au 7, kwa kuwa uongo wa aina hiyo haumlazi mtu njiani.

Karatasi ya lita hizo, pamoja na omu za senda, volti za stabilaiza na tarehe ya kukwangua eathi, naihifadhi kwenye mfuko wa plastiki chini ya mto wa kiti, juu ya bamba la tangi. Kila masika inapokwisha, mwezi Juni, narudia jaribio la waya mrefu wa eathi, kwenye tangi na kwenye stabilaiza, na mwaka jana nilikuta skrubu ile ile ya nyuma ya dashibodi imeanza tena kuwa nyeupe.